Jibu Halimo

Kwa mjomba, Mafiga, mwaka 2009, kulikuwa na runinga ya chogo ya inchi 21. Mchana ilifunikwa kitambaa cha kufuma, jioni ilifunuliwa taratibu kama sufuria la pilau. Antena yake ilifungwa juu ya bomba lililochomekwa nyuma ya jiko, na ilitakiwa itazame Bondwa, kwenye ile minara inayoonekana kutoka mjini siku mawingu yakiondoka mlimani. Mjomba akipanda kuizungusha, sisi tuliobaki ndani tulipiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Aa, umepita!" Huo ndio ulikuwa mchezo wa kwanza wa televisheni niliowahi kuucheza, na tulishinda mara nyingi tu.

Mchezo wa pili ulikuwa Who Wants to Be a Millionaire, toleo la Afrika Mashariki, ambalo mwaka huo lilikuwa jipya na lina gumzo. Mwendeshaji wake alikuwa Alan Kasujja, mtangazaji maarufu wa redio kutoka Kampala, ambaye miaka michache baadaye alihamia BBC. Sebuleni kwa mjomba hatukujua habari za redio za Kampala. Tulimwona kijana mtanashati, suti imemkaa, anauliza maswali kwa Kiingereza huku taa zikishuka na muziki ukigonga kama moyo wa mtu anayedaiwa.

Nilikuwa na miaka 11. Mjomba alikaa kwenye kochi lake, mkewe kwenye mkeka na ungo wa mchele, fundi cherehani wa jirani kwenye kigoda, na mlangoni alisimama mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amepanga chumba cha uani. Watoto tulikaa sakafuni. Dada, binti wa mjomba, alikuwa kidato cha tatu, na kwa sababu hiyo tu alipewa kazi ya ukalimani.

Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Ni miaka ile ambayo kwenye vibanda umiza sauti ya Lufufu ilikuwa staa kuliko Wachina na Wamarekani aliokuwa akiwatafsiria. Lakini filamu inamsubiri mkalimani. Mtu akipigwa ngumi amepigwa, hata ukichelewa kusema kwa nini. Swali halisubiri. Dada alisome, alielewe, alitafutie Kiswahili chake, ataje chaguo la kwanza, la pili, na anapofika la tatu yule mshiriki ameshajibu, watu wa studio wanapiga makofi, na mjomba anauliza, "Kwani ameulizwa nini?"

"Mwambie arudie," alikuwa akimwamuru dada kila wiki, kana kwamba dada na Kasujja wana laini moja ya simu.

Siku moja dada aliwahi. Alimaliza machaguo yote manne wakati mshiriki bado anajikuna kidevu. Mjomba akajibu, akapatia. Swali lenyewe nimelisahau kabisa, ninachokumbuka ni jinsi alivyosimama. Alizunguka sebule nzima akiwa ameshika kiuno, akatoka mpaka barazani, akarudi, akasema, "Milioni yangu iko wapi?" Mkewe akamjibu bila kuinua macho kwenye ungo, "Iko kwa aliyejibu kwa Kiingereza."

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi tangu nianze shahada ya uzamili hapa SUA, ambako nasoma mambo ya ugani wa kilimo, yaani namna ya kwenda kwa watu, kuwauliza na kuwaeleza. Sisomi fasihi wala habari. Ninayoandika hapa ni uhakiki wa mtazamaji, na nimeuazima zaidi kwa watazamaji wengine. Mastaa wanaoendesha vipindi hivi wameandikwa sana, washindi wameandikwa, hata nguo zimeandikwa. Sisi tuliokaa upande wa pili wa kioo na maoni yetu, hakuna aliyekuja na daftari.

Basi niyaandike ya sebule ile, kwa kumbukumbu zangu.

Mjomba alisema kile kipindi si mchezo, ni usaili wa kazi. Alikuwa na hoja. Unaingia chumba cha giza, unakalishwa kiti kirefu ambacho miguu haigusi vizuri chini, mtu mwenye suti anakuuliza kwa Kiingereza jambo ambalo yeye ana jibu lake, kisha anakutazama machoni na kukuuliza kama una uhakika. "Mimi nilishaulizwa hivyo," alisema. "Nilikuwa na uhakika, na kazi sikupata."

Mkewe aliuliza swali moja tu, lakini aliliuliza kila wiki: "Huyo anayeuliza, yeye mwenyewe anajua, au ameandikiwa?"

Fundi cherehani alimhakiki mwendeshaji kuanzia mabegani. Suti ile, alisema, imekatwa na mtu anayejua, lakini mikono imezidi kidogo. Sikuwahi kumsikia akisema lolote kuhusu swali.

Mwalimu hakusema kitu. Ndiye mtu mzima pekee pale aliyeweza kusoma maswali yale bila dada, na sote tulijua, na yeye alijua kwamba tunajua. Ilipofika kila swali, shingo zilimgeukia. Wiki ya kwanza alijibu mawili, akakosa moja. Wiki ya pili alijibu kwa sauti ya chini, baada ya mshiriki. Wiki ya tatu alisema ana madaftari ya kusahihisha. Hakurudi tena usiku wa kipindi kile, ingawa taarifa ya habari aliendelea kuja kuitazama. Wakati ule nilidhani kweli ana madaftari.

Uzuri wa mchezo huu, na kilichoufanya uzunguke dunia tangu ulipoanza Uingereza Septemba 1998, haupo kwenye fedha. Upo kwenye yale machaguo manne. Swali likiwa wazi bila machaguo, mtu wa nyumbani asiyejua ananyamaza. Likiwa na machaguo manne, hata asiyejua ana la kusema, na akipatia kwa bahati ataapa kwamba alijua. Mtazamaji anapata sekunde kadhaa za kuwa mbele ya mshiriki, za kumpigia kelele, za kumwona mjinga. Anayelipwa ni yule wa kwenye kiti, lakini anayecheza ni wewe. Zile sekunde zikiondolewa, kinachobaki ni muziki, taa na uso wa mwendeshaji. Ndiyo maana fundi wetu aliongelea mabega. Hakuwa mtu wa juujuu. Alikuwa amebakiziwa suti.

Wahindi walilielewa hili mapema. Kaun Banega Crorepati ilipoanza Julai 2000 walimkabidhi Amitabh Bachchan, staa ambaye hata Morogoro baba zetu walimjua kwa filamu zake, na wakamwacha aulize kwa Kihindi. Kihindi safi, cha adabu, kile ambacho bibi wa kijijini anajisikia kuheshimiwa akikisikia. Staa na lugha vilikwenda pamoja: huyu mkubwa anakuja kwako, anaongea kama wewe ukiwa umevaa vizuri. Slumdog Millionaire ilipochukua Oscar nane mwanzoni mwa 2009, sisi tulicheka na kulia na yule kijana wa mabandani aliyekuwa anajua majibu kwa sababu kila jibu lilimpata maishani. Filamu ile Waingereza waliipa Kiingereza kingi, lakini kipindi chenyewe kinachosimuliwa mle ndani, kwa Wahindi wenyewe, kilikuwa cha Kihindi.

Najua jibu la watayarishaji, na ni jibu la haki. Nchi zetu ni nyingi, kipindi ni kimoja, gharama ya studio ile si ya mchezo, na Mganda wa Kampala usimtegemee aulizwe kwa Kiswahili cha Morogoro mbele ya kamera. Kiingereza kilikuwa njia ya katikati. Tatizo la njia ya katikati ni kwamba kwa upande wetu ilipita mbali na nyumba. Sisi tulisomeshwa darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha sekondari tukageuziwa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee mpaka sekondari na kuendelea, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo Tanzania ina watu wengi wanaojua mambo kwa lugha moja na kufanyiwa mtihani kwa nyingine, na kipindi kilipokuja na taa zake kilituangukia mulemule kwenye ufa. Hata mwalimu wetu. Labda mwalimu wetu kuliko wote.

Mjomba alikuwa na maswali yake, aliyotamani aulizwe. Alikuwa mtoto wa mji wa muziki na viwanda, amefanya kazi kiwandani miaka ya bendi. Muulize Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka gani, atakwambia 1965, na atakuonyesha na barabara. Muulize Mbaraka Mwinshehe, atakwambia Januari 1979, ajali ya gari, Kenya, kisha atanyamaza kidogo kwa heshima. Muulize Waluguru walikataa nini mwaka 1955, atakwambia matuta: serikali ya mkoloni ililazimisha watu wachimbe ngazi milimani, watu wakachoka, Matombo kukawaka moto. "Haya," alikuwa akisema taarifa ya habari ikianza, "na mimi niulizwe." Hakuna aliyemuuliza. Tulitaka tamthilia.

Kuna watakaosema mbona tumekuwa na vipindi vyetu vya mashindano, na vya Kiswahili. Ni kweli, na maoni ya watu juu yake ndiyo ushahidi wangu. Bongo Star Search ya Madam Rita ilipokuwa hewani, sebule ile ile ilijaa majaji. Mke wa mjomba, ambaye kwa Kasujja alikuwa na swali moja, kwa Salama na Master Jay alikuwa na hotuba. Alijua nani kabana pumzi, nani kaimba puani, nani kapendelewa kwa sababu analia vizuri. Maisha Plus, ile ya Masoud Kipanya ya kuwapeleka vijana kuishi kijijini, ilimchekesha mpaka machozi, kwa sababu kuteka maji na kuwasha kuni vilikuwa vimegeuzwa mtihani na yeye ndiye angeshika namba moja. Hivyo vilikuwa vipindi vizuri vya kutazama. Ila havikuwa vya kuulizwa. Vipaji na ustahimilivu vilishindanishwa, lakini ujuzi wa mtu mzima wa kawaida, kile alichokusanya kichwani miaka 50, haukupata kiti. Chemshabongo za Kiswahili zimekuwepo pia, redioni na kwenye runinga, nyingi za wanafunzi, zawadi madaftari na fulana. Nazungumzia ule mchezo mkubwa, wenye staa, wenye fedha ya kubadilisha nyumba. Huo ulipotuuliza, ulituuliza kwa Kiingereza.

Na uliporudi kwa Kiswahili, haukuuliza kabisa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita mwaka 2017 michezo ya kubahatisha ya simu ilipoingia runingani kwa kishindo. Biko ilikuja na nguvu ya buku, na kwenye droo zake akasimama Kajala Masanja, mwigizaji ambaye kila mpenzi wa Bongo Movie alimjua. Tatu Mzuka ikaja na tarakimu zake tatu. Sina ugomvi na Kajala: alisimama vizuri, alizungumza na watu kwa lugha yao, aliwapigia washindi simu na wakapiga yowe ambazo hata mimi zilinisisimua. Kwa adabu ya utangazaji, hapo hatimaye tulipata Amitabh wetu. Ila tazama alichopewa mkononi. Hakupewa swali. Alipewa namba.

Kifedha inaeleweka. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na kufikia 2017 kila mtazamaji alikuwa na kaunta ya malipo mfukoni. Mchezo wa maswali una mshiriki mmoja na watazamaji milioni wasiolipa kitu. Mchezo wa namba una washiriki milioni, na wote wamelipa. Sheria yenyewe inauita kwa jina lake, mchezo wa kubahatisha, na jina hilo ni uhakiki tosha kuliko wangu. Dereva mmoja wa bodaboda pale Msamvu aliwahi kunieleza kwa nini anatuma buku: "Dada, mimi sinunui kushinda. Nanunua kuangalia. Ukiwa umetuma, kile kipindi kinakuwa chako." Nimelifikiria sana jibu lake. Mjomba hakuhitaji kununua, alikuwa na Mbaraka Mwinshehe kichwani. Yule kijana alilazimika kulipa shilingi 1,000 ili awe na kitu cha kusema mbele ya runinga, na alichopata kusema ni tarakimu.

Tulirukwa hapo katikati. Tulitoka kwenye maswali tusiyoweza kuyajibu tukaenda kwenye mchezo usio na maswali, na katika kuruka huko staa ndiye aliyekua. Swali linavyopungua, ndivyo staa anavyoongezwa, kwa kuwa lazima kiwepo kitu cha kutazama. Wanaolalamika kwamba mastaa wameharibu vipindi wanakosea mlango, nadhani. Staa ni mgeni aliyekuta chumba kitupu akaambiwa akijaze.

Mwaka jana nilipelekwa Mgeta na utafiti wangu. Ukitoka mjini unapita Mzumbe, unaacha lami, kisha gari linaanza kupanda na kujikunja mpaka masikio yanaziba. Nyandira kuna baridi ya koti. Kuna kabichi, karoti, njegere, mapichi wakati wake, na wale mbuzi wa maziwa walioletwa kutoka Norway ambao chuo chetu kinajivunia. Nilipangishwa kitanda kwa bibi mmoja, mwenye nyumba na mwenye ardhi, maana kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na pale hakuna mwanamume aliyesema neno la mwisho juu ya kitu chochote. Alikuwa na sola, taa tatu, na runinga bapa iliyoletwa na mjukuu wake kutoka Dar es Salaam.

Jioni ya kwanza walikuja wanawake wanne wa jirani na vijana wawili, na tukatazama droo. Sitaji ni ya mchezo gani, maana siku hizi aina ni moja. Mwendeshaji alikuwa staa wa muziki. Nilitoa daftari kwa tabia tu. Haya ndiyo niliyoandika, kwa mpangilio wake: kwamba zile nywele si zake, kwamba ni zake, amelipia, kwamba alikuwa na fulani, wameachana, kwamba amenenepa, amependeza, kwamba lile gauni baridi ya Nyandira ingelifundisha adabu. Namba zilipotajwa kijana mmoja alitazama simu yake, akaizima, akaweka mfukoni. Hakuna aliyemuuliza. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimemrudia fundi cherehani wa Mafiga, safari hii akiwa watu saba.

Bibi peke yake hakuwa na maoni. Nikamuuliza mbona hasemi.

"Niseme nini, mjukuu wangu? Hajaniuliza."

Nikamsimulia habari za kipindi cha zamani, cha maswali, cha yule kijana wa Kampala, jinsi mjomba alivyokuwa anapambana nacho. Akataka kujua kama mshiriki akikosa analipa. Nikasema halipi, anaondoka tu, na akishapanda ngazi fulani hata fedha kidogo anabaki nazo. Akauliza, na huyo muulizaji, mshiriki akipata jibu, yeye analipa? Nikasema fedha si zake, ni za kampuni. Na mshiriki anaruhusiwa kumgeuzia, naye amuulize? Nikasema hapana.

"Basi huo si mchezo," akasema. Nikamkumbuka mjomba na usaili wake.

Kesho yake niliketi naye barazani na dodoso langu. Nililitunga mwenyewe, kwa Kiingereza kwanza, kisha nikalitafsiri usiku wa kuamkia safari, kwa hiyo lawama ni yangu. Lilikuwa na maswali 42, karibu yote ya kuchagua. Nikaanza. Taarifa za kilimo unazipata wapi zaidi: (a) kwa afisa ugani, (b) redioni, (c) kwenye televisheni, (d) kwenye simu?

Bibi akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa heshima, kama mtu anayejua kwamba mgeni wake ametoka mbali.

"Jibu halimo," akasema.

"Chagua lililo karibu nalo, bibi."

"Liko karibu na nini? Mimi karoti nilifundishwa na mama yangu. Mama alifundishwa na mama mdogo aliyeolewa kule juu. Mama yangu hayupo kwenye hiyo karatasi yako." Akasogea, akatazama karatasi. "Ni ipi hapo ya mama?"

Haikuwepo. Kulikuwa na nafasi ya "mengineyo" kwenye maswali machache, hilo halikuwa nayo. Nilijua kabisa nimekaa wapi wakati ule. Sikuwa na suti na hakukuwa na taa, lakini mimi ndiye niliyekuwa na machaguo manne, na mbele yangu alikuwa mtu mzima anayejua, akitafuta mahali pa kuweka anachokijua. Nilikumbuka mwalimu wetu mlangoni. Niliandika pembeni ya karatasi, kwa kalamu, "mama". Kwenye dodoso 60 nilizojaza kabla sijarekebisha, pembezoni mwa swali hilo pamejaa mama, shangazi, mjomba, jirani, na mmoja aliyesema "nilimwibia shemeji kwa macho". Programu ya takwimu haikuwa na pa kuwaweka. Msimamizi wangu amenishauri nifungue safu mpya, na nimeifungua, na ripoti imechelewa.

Usiku wa mwisho sola iliishiwa kabla ya droo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, betri ikalia mara tatu, kioo kikafa staa akiwa amefungua mdomo. Waliokuja walicheka. Nilidhani wataondoka. Badala yake mwanamke mmoja alisogeza kigoda karibu na moto, na bila mtu kupanga, bibi akasema:

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika, na mimi, kwa kuchelewa kidogo.

Vilikuja vya kawaida kwanza, vile ambavyo hata mimi ninavijua, vya yai na vya nanasi, vya kupashia moto watoto. Kisha vikaanza vya kutunga hapo hapo, na hapo ndipo nilipoona mwenye mchezo ni nani. Muulizaji akijibiwa, aliketi, na aliyejibu alikuwa na haki ya kutega. Kiti kilizunguka. Kijana aliyekuwa na simu mfukoni alitega cha kwake kuhusu lori la kabichi lililokwama, wakakitafuta robo saa nzima, wakabishana kama ni halali, wakamshutumu, wakamsifu. Daftari langu la jioni hiyo lina kurasa sita. Hakuna aliyetaja nywele za mtu.

Ikafika zamu ya bibi. Akanigeukia mimi.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni wangu husema nami usiku kucha, nikimjibu hasikii."

Nilijua amekitunga muda ule ule. Na bado sikukipata. Nilisema mvua. Nilisema marehemu, wakaguna. Nilisema upepo. Yule kijana alikuwa ameshapata, alikuwa anajizuia kwa kujiziba mdomo, na wanawake walikuwa wananitazama kwa huruma na furaha, kama sisi tulivyowatazama wale wa kwenye kiti kirefu.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Nakupa Morogoro, bibi."

"Morogoro ninayo, nina shamba la karafuu na watoto wawili kule. Nipe mwingine."

"Nakupa Dar es Salaam."

Akakataa, joto. Nikampa Dodoma, akasema nako hataki, kuna vumbi. Watu walikuwa wamelala kwa kicheko. Akachochea moto kwanza, kisha akanyosha mkono kama mtu anayedai nauli.

"Nipe hiyo Kampala ya yule kijana wako wa maswali."

Nikampa. Akashukuru, akasema watu wa Kampala wamempokea vizuri, wamemchinjia mbuzi, kisha akanitegulia.